Uongozi Ukibadilika, Serikali Huegemea Wapi?

Kamati nyingi za maendeleo za parokia zetu zimezoea kuuliza swali moja kila anapoingia kiongozi mpya, awe Rais, mbunge, mkuu wa mkoa au diwani: "Huyu naye ni mtu wetu?" Swali hilo lina sababu yake. Katika vijiji vya Malampaka na wilaya nzima ya Maswa yapo maboma ya zahanati, madarasa na nyumba za walimu yaliyoinuliwa kwa nguvu za wananchi mpaka kwenye renta, yakasimama hapo kungoja bati la serikali. Mara nyingi ahadi ya bati ilitolewa na kiongozi ambaye baadaye alihamishwa, alishindwa kura za maoni au alistaafu. Aliyefuata akaja na vipaumbele vyake. Boma likaendelea kunyeshewa mvua.

Katika toleo hili tumeona ni vema tueleze kwa nini jambo hili hutokea, ili wanakamati waelewe na wafadhili wetu waelewe pia. Maelezo yetu yanahusu jambo moja: uongozi wa juu unapobadilika, serikali hubadilisha makundi inayoyaegemea ili iendelee kusimama, na huduma hufuata egemeo hilo jipya. Anayelielewa jambo hili hupanga kazi zake vizuri zaidi kuliko anayengoja "mtu wetu".

Serikali husimama juu ya nini?

Hakuna serikali inayosimama peke yake. Kila serikali ina makundi ambayo yakiondoa mkono wake, inayumba. Kwa urahisi tunaweza kuyataja manne. La kwanza ni wapiga kura, yaani wananchi wa kawaida. La pili ni wenye fedha na mazao: wafanyabiashara, wanunuzi, wawekezaji, vyama vya ushirika. La tatu ni vyombo: chama tawala, watumishi wa umma, vyombo vya ulinzi na usalama. La nne ni marafiki wa nje, yaani wahisani na mashirika ya fedha ya kimataifa.

Kila kiongozi mpya huyakuta makundi haya manne, lakini huwa hayategemei kwa kiasi kilekile. Mmoja huegemea zaidi wakulima, mwingine wafanyabiashara, mwingine chama, mwingine wahisani. Anapohamisha uzito kutoka nguzo moja kwenda nyingine, wapo wanaopanda na wapo wanaoachwa. Katika nchi yetu jambo hili ni gumu kulitambua kwa macho kwa sababu chama kinachotawala ni kilekile tangu uhuru, kikiwa TANU na baadaye CCM. Bendera haibadiliki, rangi hazibadiliki, ila waliobeba nyumba wamekuwa wakibadilika.

Pamba ilivyoibeba TANU

Sisi wa Usukumani tunao mfano wa karibu. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walijiunga katika vyama vya msingi ili wajiuzie pamba yao na kuwakwepa wanunuzi waliokuwa wakiwapunja kwenye mizani. Mwaka 1955 vyama hivyo vilikuwa na shirikisho lao kubwa, Victoria Federation of Co-operative Unions, likiongozwa na Paul Bomani. Kwa miaka kadhaa ya kipindi hicho serikali ya kikoloni iliipiga TANU marufuku kufanya kazi Usukumani, hadi mwaka 1958. Lakini ushirika ulikuwa hai, na viongozi wa ushirika ndio waliokuwa wakiaminiwa na wakulima. TANU ilipofunguliwa milango, ilikuta nyumba tayari imejengwa. Bomani mwenyewe baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi huru.

Kwa hiyo serikali ya kwanza ya Tanganyika huru iliegemea, pamoja na mambo mengine, mgongo wa mkulima wa pamba aliyejipanga mwenyewe. Mkulima huyo alikuwa na chombo chake, mwenyekiti wake na mizani yake. Serikali ilimhitaji, naye alilijua hilo.

Toka ushirika kwenda chama, toka chama kwenda soko

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 uzito ulianza kuhama. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa na madaraka yakachukuliwa na mikoa chini ya serikali kuu. Mwaka 1974 ilikuja Operesheni Vijiji, mwaka 1975 Sheria ya Vijiji, na mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Pamba ikawa inanunuliwa na mamlaka ya serikali. Mwalimu Nyerere alikuwa ni yuleyule, lakini serikali yake ilikuwa sasa inaegemea chama, mashirika ya umma na watumishi, kuliko ushirika wa wakulima. Hili litukumbushe kwamba hata kiongozi asipobadilika, egemeo lake linaweza kubadilika. Matokeo tunayajua: uzalishaji ulidorora, malipo yakachelewa, na hatimaye serikali yenyewe ikapitisha sheria za mwaka 1982 za kurudisha ushirika na serikali za mitaa.

Mwezi Novemba 1985 Mzee Ali Hassan Mwinyi alipokea uongozi. Hazina ilikuwa tupu na maduka yalikuwa hayana sabuni wala nguo. Mwaka 1986 serikali yake ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, biashara ikaanza kufunguliwa. Mwaka 1991 chama kilipitisha Azimio la Zanzibar, lililowaruhusu viongozi kuwa na hisa, nyumba za kupangisha na mshahara zaidi ya mmoja. Wafanyabiashara na wahisani wakawa nguzo mpya. Mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa, na mwaka 1994 soko la pamba likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi.

Kwa mkulima wa Malampaka mabadiliko haya yalikuwa na pande mbili. Wanunuzi waliongezeka na malipo ya papo kwa papo yakawezekana. Lakini ushirika uliokuwa ukimkopesha mbegu na dawa ulidhoofika kwa madeni, na sauti yake kwa serikali ikapungua. Pengo hilo ndilo lililoingiliwa na siasa za upinzani. Chama cha UDP cha John Cheyo, ambaye wengi tulimfahamu kwa jina la Bwana Mapesa, kilipata mizizi Bariadi na maeneo ya jirani kikizungumzia mfuko wa mkulima. Katika uchaguzi wa Rais wa 1995 Cheyo alipata karibu asilimia 4 ya kura za nchi nzima, na mwaka 2000 asilimia 4.2. Idadi hiyo ni ndogo kitaifa, lakini kwa wilaya zetu ilikuwa ishara kwamba kuna nguzo inayolegea.

Kura milioni 9 na kura milioni 5

Mzee Benjamin Mkapa, aliyeongoza kuanzia 1995 hadi 2005, aliegemea zaidi wawekezaji, ukusanyaji wa kodi na imani ya wahisani. Mamlaka ya Mapato ilianza kazi mwaka 1996, na mwaka 2001 nchi ilipata msamaha mkubwa wa madeni. Kutokana na hali hiyo ada ya shule za msingi ilifutwa na madarasa mengi yakajengwa kupitia mpango wa MMEM kuanzia mwaka 2002. Tunalitaja hili kwa sababu kamati nyingi za shule zilijifunza kusimamia fedha wakati huo.

Mwaka 2005 Jakaya Kikwete aliingia kwa kura 9,123,952, sawa na asilimia 80.28. Makundi karibu yote yalikuwa nyuma yake: vijana, chama, wafanyabiashara, wahisani. Lakini msingi mpana namna hiyo una gharama, kwa kuwa kila kundi linadai lake. Mwezi Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kutokana na sakata la Richmond, na serikali ikapangwa upya. Katika kipindi hichohicho msukosuko wa uchumi wa dunia uliangusha bei ya pamba, na mwaka 2009 serikali ililazimika kutenga fedha za kuwanusuru wanunuzi wa zao hilo.

Mwaka 2010 Rais Kikwete alishinda tena, lakini kwa kura 5,276,827, sawa na asilimia 62.8. Tuangalie vizuri hapo. Katika miaka mitano kura zake zilipungua kwa zaidi ya milioni 3.8. Si wote walihamia upinzani. Wengi walibaki nyumbani. Mwaka 2005 walijitokeza kupiga kura karibu asilimia 72 ya walioandikishwa. Mwaka 2010 walikuwa chini ya asilimia 43. Hivi ndivyo msingi unavyomomonyoka mara nyingi: watu hawapigi kelele, wanaacha tu kuja.

Wilaya zetu zilionyesha jambo hilo wazi zaidi. Mwaka huo wa 2010 majimbo yote mawili ya Maswa, Mashariki na Magharibi, yalichukuliwa na CHADEMA, pamoja na jimbo la Meatu. Bariadi Mashariki ilibaki kwa Cheyo wa UDP, aliyekuwa ameichukua mwaka 2005. Mbunge aliyeshinda Maswa Magharibi, John Shibuda, alikuwa ametoka CCM mwaka huohuo. Kwa maneno mengine, sehemu ya nguzo ya chama tawala iling'oka na kwenda kusimama kwingine. Mwaka 2012 serikali iliunda Mkoa wa Simiyu, makao makuu yakiwa Bariadi, ukiwa na wilaya mpya za Busega na Itilima. Mkoa mpya huleta ofisi, barabara na watumishi. Ni huduma kwa wananchi, na pia ni namna ya serikali kusogea karibu na watu iliokuwa ikiwapoteza.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Jirani zetu wa Kenya waliona mfano mkali zaidi. Mwaka 2002 Mwai Kibaki aliingia madarakani kwa asilimia 62 ya kura akibebwa na muungano mpana wa NARC, na mwezi Januari 2003 akatangaza elimu ya msingi bila ada. Lakini wenzake katika muungano walilalamika kwamba makubaliano ya kugawana madaraka hayakutekelezwa. Mwezi Novemba 2005 kura ya maoni ya katiba mpya ilikataliwa na asilimia 58 hivi ya wapiga kura, huku sehemu ya mawaziri wake wakiongoza upande wa kukataa. Miaka miwili baadaye uchaguzi wa Desemba 2007 uliishia katika umwagaji damu. Somo ni kwamba kiongozi anayeingia kwa mkono wa wengi na kisha kutawala kwa mkono wa wachache hujikuta kwenye mteremko, na wanaoumia kwanza ni wananchi wa kawaida.

Enzi ya "wanyonge"

Mwaka 2015 kulitokea mabadiliko mawili kwa wakati mmoja. Lowassa, baada ya kukosa uteuzi wa CCM, alihamia CHADEMA na kuondoka na sehemu ya wafuasi wake. Alipata kura 6,072,848, karibu asilimia 40. Dkt. John Magufuli wa CCM alishinda kwa asilimia 58.46. Yeye alitoka Chato, Kanda ya Ziwa, na kanda hii ikawa moja ya nguzo zake kuu. Majimbo yote ya Simiyu yalirudi CCM.

Magufuli hakuegemea makundi yaliyombeba mtangulizi wake. Aliwazungumzia "wanyonge": wamachinga, wakulima wadogo, abiria wa daraja la tatu. Elimu ilitolewa bila ada hadi kidato cha nne kuanzia 2016. Mwaka 2017 watumishi karibu 10,000 waliondolewa kazini kwa vyeti vya kughushi. Ushuru wa mazao ya biashara ambao halmashauri hutoza ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Mwaka 2018 ununuzi wa pamba ulirudishwa kwenye vyama vya msingi, AMCOS. Wakati huohuo mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa kuanzia mwaka 2016, na mahusiano na baadhi ya wahisani yakapoa.

Kwa mkulima wetu, kuitwa mnyonge anayejaliwa na Rais lilikuwa jambo la heshima, na wengi walimpenda kwa dhati. Lakini msimu wa 2019 ulionyesha mipaka yake. Bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi walikaa miezi bila kulipwa pamba iliyokwisha kupimwa kwenye AMCOS. Serikali ilimsikiliza mkulima kwenye bei, lakini mwenye fedha alikuwa mnunuzi, naye alikuwa nguzo iliyoachwa. Aidha, ushuru uliposhushwa mkulima alipata nafuu, ila halmashauri zinazotegemea pamba, kama Maswa, zilipungukiwa mapato ya kumalizia yale maboma. Kila nafuu ina mlipaji wake, hata kama hatajwi jukwaani.

Tangu Machi 2021

Rais Magufuli alifariki dunia tarehe 17 Machi 2021, na tarehe 19 Machi Mama Samia Suluhu Hassan aliapishwa. Chama kilikuwa kilekile na ilani ileile. Hata hivyo uzito ulianza kuhama mapema. Mahusiano na mashirika ya fedha yalifufuliwa. Mkopo wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3 ulijenga madarasa nchi nzima. Mwezi Januari 2022, baada ya Spika Job Ndugai kujiuzulu kutokana na kauli yake kuhusu mikopo, baraza la mawaziri lilipangwa upya na baadhi ya vigogo wakaachwa. Wawili kati yao, William Lukuvi na Profesa Palamagamba Kabudi, walirudishwa Agosti 2024. Mshahara wa kima cha chini serikalini uliongezwa kwa asilimia 23.3 mwaka 2022. Bajeti ya kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23, na ruzuku ya mbolea ikaanza. Mwezi Januari 2023 zuio la mikutano ya hadhara liliondolewa.

Simiyu iliyahisi mabadiliko haya kwa karibu. Kati ya Mei 2021 na Juni 2024 mkoa wetu ulipokea wakuu wa mkoa wapya watatu, mmoja baada ya mwingine. Kamati zetu zinajua maana yake: mkuu mmoja aliweka mkazo kwenye viwanda vidogo vya "wilaya moja, bidhaa moja", ambapo Maswa ilijulikana kwa chaki, waliofuata walikuja na msisitizo mwingine. Mbunge wa Maswa Magharibi, Mashimba Ndaki, alikuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi tangu Desemba 2020, akaachwa Februari 2023. Na mbunge wa Kisesa wilayani Meatu, Luhaga Mpina, aliyekuwa waziri enzi za Magufuli, alisimamishwa kuhudhuria vikao 15 vya Bunge mwezi Juni 2024 baada ya kumtuhumu waziri kuhusu uagizaji wa sukari. Mwaka 2025 alihamia ACT-Wazalendo, akapitishwa kugombea urais, na Tume ya Uchaguzi ikamwondoa kwenye orodha. Nguzo moja ya enzi iliyopita iling'oka mbele ya macho yetu.

Namba kubwa si lazima iwe msingi mpana

Hapa ni lazima tuseme kwa uangalifu lakini kwa ukweli. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi. Katika Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 Rais Samia alitangazwa mshindi kwa asilimia 97.66. CHADEMA hakikuwamo kwenye uchaguzi huo, na mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa shitaka la uhaini. Siku hiyo ya kura maandamano yalizuka katika miji kadhaa, intaneti ikazimwa, amri ya kutotoka nje ikatangazwa Dar es Salaam, na watu waliuawa.

Tukilinganisha na mwaka 2010 tunajifunza kitu. Asilimia 62 ya mwaka ule iliiambia serikali wapi inalegea: Maswa, Meatu, Bariadi Mashariki na kwingineko. Serikali ilipata taarifa, ikajirekebisha. Asilimia 97 haiambii serikali wapi wakulima wamekata tamaa wala wapi vijana wamechoka. Kilichokosekana kwenye sanduku hutafuta mlango mwingine, na mlango huo ukiwa ni barabarani, gharama yake ni roho za watu. Wananchi wanapoachwa nje ya hesabu, serikali huegemea zaidi nguzo ya vyombo. Nguzo hiyo ni imara kwa muda, ila haijui bei ya pamba Malampaka.

Nini kilichovuka kutoka uongozi mmoja hadi mwingine?

Ndugu msomaji, katikati ya mabadiliko haya yote yapo mambo yaliyovuka salama, na hayo ndiyo yanayotufundisha zaidi.

Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, inayopita Malampaka sambamba na reli yetu ya zamani, ilisainiwa mkataba Januari 2021 chini ya Magufuli na jiwe la msingi likawekwa Juni 2021 chini ya Samia. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani Simiyu uliidhinishiwa fedha na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, pamoja na mchango wa Ujerumani kupitia benki ya KfW, ukaendelea baada ya mabadiliko ya uongozi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iliingizwa kwenye sheria mwaka 2018. Ilisitishwa Aprili 2023 kutokana na kasoro za usimamizi, lakini kwa kuwa ilikuwa ni sheria na siyo hisani ya mtu, ilirejeshwa mwaka 2024.

Mambo haya matatu yanafanana: yana karatasi. Yana mkataba, sheria, bajeti, na zaidi ya upande mmoja uliosaini. Ahadi ya jukwaani haina karatasi. Inaishi kadiri aliyeitoa anavyoishi kwenye kiti.

Kamati zetu zifanye nini?

Kutokana na maelezo haya tunapendekeza mambo yafuatayo.

Kwanza, kila mradi wa parokia unaotegemea mchango wa serikali upitishwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hukutana kila baada ya miezi mitatu, na muhtasari wake uhifadhiwe. Kutoka hapo uende kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na kuingia kwenye mpango wa halmashauri kabla ya bajeti kufungwa. Mwaka wa fedha huanza Julai. Anayekwenda kuomba mwezi Mei amekwisha kuchelewa. Boma lililomo kwenye mpango lina mwenyewe hata mkurugenzi akihamishwa.

Pili, tusianze ujenzi kwa ahadi ya mdomo. Tukiwa na nguvu ya kujenga chumba kimoja na kukipaua, tujenge hicho. Chumba kimoja chenye bati kinatibu wagonjwa. Vyumba sita vya renta vinafuga popo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Tatu, ziangaliwe harambee zetu. Ni desturi njema kumwalika kiongozi kuwa mgeni rasmi, na mchango wake upokewe kwa shukrani na kuandikwa kwenye stakabadhi kama wa mtu mwingine yeyote. Lakini kamati isigeuzwe ngome ya mtu. Parokia inayojulikana kuwa ya kiongozi fulani huanguka naye siku anapoanguka, na waumini wa upande wa pili huacha kuchangia.

Nne, tuimarishe vyombo vya wananchi wenyewe: AMCOS zenye vitabu safi, vikundi vya kuweka na kukopa, kamati za maji zenye akaunti. Historia ya miaka ya 1950 inaonyesha kwamba mkulima aliyejipanga hutafutwa na serikali, iwe ya nani. Asiyejipanga huitwa mnyonge, na mnyonge husubiri zamu yake.

Kwa wafadhili wetu tunaomba jambo moja. Mnapoona mradi umechelewa baada ya mabadiliko ya uongozi wa mkoa au wilaya, msidhani mara moja kwamba wananchi wamelala. Tuulizeni kama mradi ulikuwa kwenye mpango wa halmashauri. Kama ulikuwamo, tuvumiliane na kufuatilia pamoja. Kama haukuwamo, tusiongeze fedha mpaka uingizwe.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Kati ya miradi tunayoifuatilia, ni ipi ina karatasi na ni ipi ina ahadi tu?

2. Kiongozi mmoja wa wilaya akihamishwa kesho, mradi gani utasimama? Kwa nini?

3. Katika kijiji chetu, ni kundi gani halijawahi kusikilizwa na uongozi wowote? Kamati imelisikiliza?

4. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliopita uko wapi, na nani kati yetu ameusoma?

Majibu yaandikwe na kuletwa ofisini kabla ya kikao cha robo mwaka ijayo, ili tuyapeleke pamoja halmashauri wakati mpango wa mwaka unapoandaliwa.